Nchi Jirani: Joto la Kifua

Mnamo tarehe 15 Novemba, 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa huko Geneva mwongozo mpya wa kuwatunza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao, wale ambao hapa nchini huitwa watoto njiti. Mwongozo huo ulielekeza kwamba mtoto wa namna hiyo awekwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na akae hapo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku.

Msikilizaji asiye na habari aweza kushangaa. Tangu lini mama kumpakata mwanawe likawa jambo la kutangazwa na chombo cha mataifa? Lakini mganga au mkunga aliyepata kufanya kazi katika hospitali kubwa kabla ya mwaka huo alielewa mara moja kwamba hiyo ilikuwa amri ya nyuma geuka. Kwa muda wa miaka mia na zaidi kanuni ilikuwa ni kumtenga mtoto njiti na mama yake, kumweka ndani ya mashine ya joto, na kumwacha mama asimame nyuma ya kioo akimtazama. Mahali pengine mama aliruhusiwa kuingia kwa saa chache tu. Mahali pengine hakuruhusiwa kabisa, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mchukuzi wa maradhi.

Jambo la pili katika tangazo hilo lazihusu nchi zetu hasa. Ushahidi uliofanya kanuni hiyo igeuzwe haukutoka katika hospitali za London wala New York. Ulitoka katika wodi za nchi tano, nazo ni Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Akina mama waliojifungua Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzao wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth katika mji wa Blantyre, ni miongoni mwa watu ambao kwao ulimwengu ulijifunza neno hili. Si kawaida maagizo ya kitabibu kusafiri kwa njia hiyo. Yamezoea kuja huku, si kutoka huku.

Mimba kamili huchukua wiki 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ni njiti. Katika mwaka 2020 walikadiriwa kuzaliwa watoto wa aina hiyo milioni 13.4 duniani kote, na matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema yaliua watoto wapatao 900,000 mwaka 2019. Malawi, ndugu na jirani yetu wa kusini, ilitajwa na wataalamu mwaka 2012 kuwa nchi iliyoongoza duniani kwa kadiri ya watoto njiti: karibu 18 katika kila watoto 100 waliozaliwa.

Na huyu mtoto njiti anauawa na nini? Yako mengi, na mojawapo ni baridi. Askari aliyepata mafunzo ya huduma ya kwanza anafahamu kwamba majeruhi aliyepoteza damu hufunikwa upesi, maana mwili ukipoa hatari ya kufa huongezeka. Mtoto njiti yu katika hatari hiyo bila kujeruhiwa na mtu. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya chini ya ngozi hana, na mwili wake mdogo hupoteza joto kwa haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Kumfunika blanketi peke yake hakumsaidii sana. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kulizuia joto lisitoke, na mtoto huyu hana akiba ya joto la kuzuiwa. Anapopoa, sukari ya mwilini hushuka, pumzi hukatika na kurudi, kisha hukatika. Nguvu ya kunyonya hana. Vijidudu vya maradhi vikimwingia, havimkuti na ulinzi wowote.

Dawa ya baridi hiyo ilitafutwa kwanza kwa mashine. Mwaka 1880, mjini Paris, mganga wa wazazi aitwaye Étienne Stéphane Tarnier aliagiza kutengenezewa sanduku la kuwatia watoto joto, baada ya kuona vifaa vya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama ya mji huo. Vifo vilipungua, na sanduku likasifiwa, kwa haki. Mwenzake aliyemfuata, Pierre Budin, alitambua mapema kasoro moja: mama aliyetengwa na mtoto wake kwa wiki nyingi alianza kupoa moyo, na maziwa yake yakakauka. Kwa hiyo alitaka akina mama wawe karibu na wanyonyeshe. Lakini onyo la Budin halikwenda mbali kama sanduku lilivyokwenda. Huko Marekani mtu mmoja aitwaye Martin Couney aliyaweka masanduku hayo, pamoja na watoto ndani yake, katika viwanja vya maonyesho pale Coney Island tangu 1903 hadi 1943, na watu wakalipa kiingilio kuwatazama. Fedha hizo ndizo zilizolipa wauguzi, na watoto wengi waliokoka. Hata hivyo picha hiyo inaeleza jambo: mtoto ndani ya kioo, watu wote nje, mama akiwa mmoja wao.

Karne ya ishirini ilipofika nusu yake, mashine hiyo ilikuwa imekuwa alama ya hospitali ya kisasa. Nchi zilizojipatia uhuru zilizitaka, nazo zikauziwa. Ila muuzaji hakuleta pamoja nazo umeme usiokatika, wala fundi, wala vipuri, wala wauguzi wa kutosha. Iko hospitali gani ya mkoa, katika nchi zote za ukanda huu, ambayo haikupata kuwa na chumba cha vifaa vya msaada vilivyoharibika na kufunikwa shuka?

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo mashine zilikuwapo lakini hazikutosha. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, uko juu milimani, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Hospitali ya akina mama na watoto ya mji huo ilihudumia maskini wengi. Watoto njiti walilazwa wawili, hata watatu, katika mashine moja, na maradhi ya mmoja yakawa ya wote. Tena wako akina mama waliotoka hospitalini mikono mitupu na wasirudi, kwa sababu mtoto waliyemwacha humo hawakupata kumshika hata mara moja.

Mwaka 1978 daktari wa watoto wa hospitali hiyo, Edgar Rey Sanabria, alianza utaratibu mwingine, na mwaka uliofuata akaungana naye Daktari Héctor Martínez. Mtoto aliyekwisha kupata nafuu kidogo alivuliwa nguo, akawekwa wima katikati ya matiti ya mama yake, chini ya nguo za mama, akafungwa hapo usiku na mchana. Chakula chake kilikuwa maziwa ya mama. Alipoonekana anaendelea, waliruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hivyo hivyo, wakawa wanarudi kupimwa. Madaktari hao walifananisha jambo hilo na mnyama wa Australia aitwaye kangaruu, ambaye mtoto wake huzaliwa akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe, akapanda mwenyewe hadi mfukoni mwa mamaye na kukulia humo. Jina likashika. Hapa kwetu lilipofika lilikuta mahali pake pamekwisha kutayarishwa, kwani nguo anayofungiwa mtoto ni kanga, na mama wa Kiswahili akisikia neno kangaruu hahitaji mkalimani.

Mwaka huo wa 1978 wasikilizaji wa majeshi wanaujua kwa jambo jingine. Ndio mwaka ambao, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Hapakuwa na mtu huku aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia habari za wodi ya wazazi huko Amerika ya Kusini, na hata waliokuwa na nafasi, huko Ulaya na Marekani, hawakufuatilia kwa miaka kadhaa. Habari ilianza kuenea ilipochukuliwa na UNICEF katika miaka ya 1980. Hapo ndipo sifa zilipozidi kipimo. Ilisemwa kwamba hata watoto wa chini ya kilo moja wanaokolewa kwa kifua tu, bila ya mashine.

Mwaka 1985 waganga wawili kutoka Uingereza, Andrew Whitelaw na Katharine Sleath, walichapisha katika gazeti la kitabibu la Lancet maelezo ya yale waliyoyaona Bogotá. Walisifu mengi, hasa namna akina mama walivyopewa imani ya kuwatunza watoto wao. Lakini walionyesha dosari kubwa katika hesabu. Waliohesabiwa ni watoto waliokwisha kuishi muda wa kutosha kuingizwa katika utaratibu huo. Waliokufa katika saa na siku za mwanzo hawakuwamo katika hesabu. Ni sawa na mkuu wa kikosi anayeripoti kwamba askari wake wote waliofika kambini wako salama, na kusahau kuwataja walioanguka njiani.

Lawama hiyo ilikuwa ya haki, japo wako waliopenda kuiona kuwa dharau ya nchi tajiri kwa wabunifu wa nchi maskini. Jambo jema likitetewa kwa hesabu mbovu, adui wa kwanza wa jambo hilo ni mtetezi wake. Wataalamu wa Bogotá wenyewe walilielewa hilo. Daktari Nathalie Charpak na wenzake walifanya uchunguzi mpya kati ya mwaka 1993 na 1996, wakawagawa watoto 746 waliozaliwa na uzito usiozidi kilo mbili katika makundi mawili kwa bahati nasibu, moja la mashine na moja la kifua. Kundi la kifua halikupata hasara ya maisha kuliko jingine, likatoka hospitalini mapema zaidi, na maambukizo ya hospitalini yakawa machache na mepesi. Mwaka 1996 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Trieste, Italia, wakakubaliana juu ya jina na kanuni za matunzo hayo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake cha mwongozo.

Wakati huo Afrika ilikuwa imekwisha kuanza. Katika Zimbabwe kusini, nchi kame ya Matabele, iko hospitali ya misheni iitwayo Manama. Wapigania uhuru wa zamani wanalikumbuka jina hilo. Mwezi wa Januari 1977 mamia ya wanafunzi wa shule ya hapo walivuka mpaka kuingia Botswana pamoja na wapiganaji, na serikali ya Ian Smith ikapiga kelele kwamba wametekwa. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1988, daktari Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo walikuta hapo hospitali isiyokuwa na mashine ya joto hata moja. Watoto wa chini ya kilo moja na nusu walikuwa wakiokoka 10 tu katika kila 100. Walianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, na hawakungojea mtoto apate nafuu kwanza, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka akingoja. Waliookoka wakafika 50 katika 100. Kwa wale wa kati ya kilo moja na nusu na kilo mbili, waliookoka walipanda kutoka 70 hadi 90. Habari za namna hiyo zilitoka pia Msumbiji.

Hesabu za Manama nazo zilikuwa na udhaifu, kwa kuwa zililinganisha zamani na sasa, na kati ya zamani na sasa mengi hubadilika. Lakini zilikuwa na swali ambalo Bogotá haikuliuliza. Bogotá ilingoja mtoto atulie, ndipo apelekwe kifuani. Manama haikungoja. Je, kungoja huko kulikuwa na maana yoyote?

Malawi ilianza katika Hospitali Kuu ya Zomba mwaka 1999, na kutoka hapo matunzo ya kangaruu yakaenea katika hospitali za wilaya na za misheni. Mengi ambayo nchi nyingine za ukanda huu zilikuja kuyajua baadaye, Malawi iliyajua kwa kuyapitia. Wako akina mama walioona haya kumbeba mtoto mbele, kwa maana mtoto hubebwa mgongoni, na anayebebwa mbele watu humtazama mara mbili. Wako waliochoka kulala wima. Wako waliokuwa na watoto wengine nyumbani, na shamba, na mume asiyeelewa kwa nini mkewe hatoki hospitalini ilhali mtoto si mgonjwa, ni mdogo tu. Na palipokosekana ndugu wa kuja kumpokezana, utaratibu ulivunjika kimya kimya: mama alimfungua mtoto akaenda kufua, akachelewa.

Lakini hata katika Malawi, na hata katika Tanzania, kanuni ilikuwa ni ile ya kungoja. Kitabu cha 2003, na maagizo ya mwaka 2015 pia, vilimkusudia mtoto aliyekwisha kutulia, anayepumua vizuri na asiyekuwa na hatari ya haraka. Kwa mtoto wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kwamba kifua kinapunguza vifo kwa kadiri ya 40 kwa 100. Ila wengi wa wanaokufa hufa kabla ya kutulia, katika siku mbili tatu za kwanza. Dawa ilikuwapo, lakini iligawiwa kwa walionusurika.

Ndipo mwishoni mwa mwaka 2017 ukaanza ule uchunguzi wa nchi tano. Walioandikishwa ni watoto wa uzito wa kati ya kilo 1 na gramu 1,799. Kwa bahati nasibu, nusu yao walitunzwa kwa desturi: mashine ya joto kwanza, kifua baadaye. Nusu ya pili walipelekwa kifuani mara moja, kwa mama au kwa mtu aliyechaguliwa badala yake, na wodi za watoto mahututi zikapangwa upya ili kitanda cha mama kiingie humo humo. Hilo halikuwa jambo dogo. Ilibidi wauguzi wa watoto wajifunze kumhudumia mzazi aliyejifungua saa ile ile, pengine kwa kupasuliwa, na wauguzi wa wazazi waingie mahali ambapo zamani hata viatu vyao havikuruhusiwa. Katika kundi la kwanza mtoto wa kawaida alifika kifuani baada ya saa 53 na zaidi. Katika kundi la pili alifika baada ya saa moja na dakika chache. Walipokuwa katika wodi ya mahututi, wale wa kwanza walikaa kifuani saa moja na nusu kwa siku. Wa pili, karibu saa 17.

Ilikusudiwa waandikishwe watoto 4,200. Mwezi wa Januari 2020, kabla ya idadi hiyo kufikiwa, kamati huru iliyokuwa ikizikagua hesabu ilishauri kazi isimame, kwa sababu tofauti ilikuwa imekwisha kuonekana na haikuwa haki kuendelea kulinyima kundi moja. Watoto walikuwa 3,211. Katika kundi la desturi walikufa, ndani ya siku 28, watoto 15.7 kwa kila mia. Katika kundi la kifua cha mapema walikufa 12. Maana yake ni kwamba kwa kila watoto 27 waliopelekwa kifuani bila kungoja, alikuwapo mmoja ambaye angalikufa na hakufa. Watoto 27 hawafiki idadi ya platuni moja.

Hapa yafaa kutoa tahadhari, ili makosa ya miaka ya 1980 yasirudiwe. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine katika nchi jirani ya Uganda, uliofanywa katika hospitali tano za serikali kwa watoto zaidi ya 2,200 ambao hali zao hazijatulia. Waliokufa katika siku saba za kwanza walikuwa 7.5 kwa kila mia katika kundi la kifua, na 7.5 katika kundi jingine. Hapakuwa na tofauti. Matokeo hayo hayakuipindua kanuni ya mwaka 2022, maana kifua hakikumdhuru mtoto, na faida zake nyingine ziko pale pale. Lakini yanawakumbusha wale wanaopenda kusikia kwamba nchi maskini haihitaji tena kununua kitu. Mtoto anayeshindwa kupumua anahitaji oksijeni, mwenye maambukizo anahitaji dawa, na wote wanahitaji muuguzi aliye macho saa tisa za usiku. Mwongozo wenyewe unawatoa wale wasioweza kupumua kwa nguvu zao, na wale walio katika hali ya mshtuko.

Basi swali lililobaki limetoka mikononi mwa madaktari na kuingia nyumbani, na kwa msikilizaji wa majeshi, limeingia kambini. Mtoto wa kilo 1.2, akiongezeka kwa gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, kama inavyotarajiwa, atachukua karibu wiki saba kufika kilo mbili na nusu. Ni nani anayeweza kukaa na mtoto kifuani saa 20 za siku kwa wiki saba, peke yake? Hata mlinzi wa lindo hubadilishwa. Mwongozo unaruhusu baba, bibi, shangazi au mtu mwingine wa nyumbani kushika zamu, na kifua cha mwanamume kinafaa kwa kazi hiyo. Katika Kolombia akina baba wameifanya tangu miaka mingi. Hapa kwetu desturi imekuwa ngumu kidogo, hasa mahali ambapo siku arobaini za uzazi ni za wanawake peke yao na baba huletewa habari mlangoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Tanzania iliibadili Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama aliyejifungua njiti aliongezewa likizo, na baba wa mtoto njiti akapewa siku 7 badala ya 3. Lakini sheria hiyo, tangu ilipotungwa, kifungu chake cha pili kinasema kwamba haiwahusu watumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao wana taratibu zao. Sababu yake inaeleweka. Mpaka haulindwi kwa likizo. Ndiyo kusema, hata hivyo, kwamba askari anayepewa habari usiku kwamba mkewe amejifungua miezi miwili kabla ya wakati hana siku saba za kudai kwa sheria hiyo. Anacho kibali cha mkuu wake. Na mkuu wake, akiwa na karatasi ya ruhusa mbele yake, anaamua jambo ambalo miaka michache iliyopita halikujulikana kuwa ni la tiba. Zamani aliweza kuuliza kwa moyo safi: wewe si mganga, utakwenda kufanya nini huko?

Liko jambo jingine linalowahusu polisi zaidi. Mara nyingi, katika wilaya za mbali, gari linalopatikana usiku ni Land Rover ya kituo, na mzazi aliyejifungulia zahanati hupakiwa humo kupelekwa hospitali pamoja na mtoto wake. Safari ya namna hiyo, katika upepo na mtikisiko, imewapoza watoto wengi wakafika wakiwa wamechelewa, na waliowasafirisha hawakujua kosa limetokea wapi, kwa sababu mtoto alikuwa amefungwa vizuri katika mablanketi na kulazwa kwenye kiti. Mahali pake katika safari hiyo ni kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na nepi tu, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, kanga imefungwa kwa nguvu juu yake, na koti la yeyote aliye nalo juu ya wote wawili. Mama akiwa mgonjwa, kifua kingine chenye afya kinafaa.

Mtoto akiisha kutoka hospitalini hafunguliwi. Huendelea kubebwa vivyo hivyo nyumbani, na kila siku chache hurudishwa kupimwa, mpaka akaribie kilo mbili na nusu. Hakuna tarehe inayopangwa ya kumaliza. Wauguzi huwaambia wazazi wasiwe na wasiwasi juu ya hilo, kwa kuwa siku ikifika mtoto mwenyewe huonyesha. Huanza kujinyonganyonga ndani ya kanga, hutoa mkono mmoja, kisha mguu, na akirudishwa ndani hulia kwa sauti ambayo wiki saba zilizopita hakuwa nayo.